Fikara Njema na Afya ya Mwili



Tumetakiwa kusema habari ya fikara njema, na jinsi ziwezavyo kumsaidia mtu katika afya yake. Twashukuru kwa heshima hiyo. Lakini hapa Gorong'a, kama kwingineko katika Tarime na Serengeti, watu huinena habari hii kwa namna mbili, na zote mbili zina hatari. Wako wasemao kwamba maradhi ni maradhi, moyo hauna kazi hapo. Mtu apigwe sindano aende zake. Na wako wasemao, "Amini tu, utapona." Wa kwanza huwaacha wagonjwa katika upweke, na wa pili huwapeleka kaburini. Sisi twataka kupita katikati yao, nanyi mtatuvumilia tukienda polepole.

Ushahidi wa kwanza kwamba moyo waweza kuutikisa mwili hauko mbali. Ni ng'ambo ya Ziwa, katika nchi ya Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka wasiweze kujizuia. Ucheko ukawaingia na wengine, kisha ukafuatwa na kilio, na mahangaiko, na kukimbia huku na huku kama watu wanaofukuzwa. Hata kufika tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha patwa, na shule ikafungwa. Wengine walishikwa saa chache tu, na wako walioshikwa hata siku 16. Wasichana waliporudishwa makwao, jambo lilikwenda nao: katika kijiji cha Nshamba watu 217 wakapatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule. Waganga wawili, Bwana Rankin na Bwana Philip, waliwapima wagonjwa na kutafuta sumu na vijidudu, wasione kitu. Habari yao waliipiga chapa mwaka 1963. Neno moja katika habari hiyo lilitushika sana: walimu hawakupatwa hata mmoja. Waliokuwa chini ya amri, mbali na mama zao, ndio waliougua.

Twawaomba msiwacheke wasichana wale. Karani apataye barua ya uhamisho siku ya Ijumaa na kuharisha siku ya Jumamosi ni ndugu yao. Na yule ambaye kichwa humgonga kila ifikapo tarehe 20 ya mwezi, wakati fedha imekwisha na mdai hajaisha, huyo naye twamjua. Huenda yumo katika chumba hiki.

Mwaka 1942 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon, aliandika juu ya watu waliokufa baada ya kuambiwa kwamba wamelogwa. Hakuudhihaki uchawi wala hakuusadiki. Aliuliza swali moja tu: hofu hufanya nini ndani ya mwili? Akaeleza kwamba mwenye hofu kuu moyo wake hupiga mbio na mishipa yake hujikaza. Naye akikataa chakula na maji kwa siku kadha wa kadha, na jamaa zake wakimwacha kana kwamba amekwisha kufa, mwili waweza kushindwa kweli. Jambo hili halihitaji kufasiriwa kwa watu wa Mara. Nani kati yetu hajamwona mgonjwa aliyeambiwa neno baya usiku, asubuhi akaugeukia ukuta na kukataa uji? Neno lile lilimdhuru, ingawa halikuwa na sumu.

Basi ikiwa neno baya laweza kudhuru, je, neno jema laweza kuponya? Hapa ndipo lazima tuwe waangalifu. Mwaka 2011, katika Marekani, waganga waliwachukua wagonjwa wa pumu, wakawapa kwa zamu dawa ya kweli ya kuvuta, na dawa ya bandia isiyo na kitu ndani yake, na siku nyingine wasiwape chochote. Walipowauliza wagonjwa wajionaje, waliopewa bandia walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliopewa dawa ya kweli. Lakini mapafu yao yalipopimwa kwa chombo, dawa ya kweli ilikuwa imeyafungua kwa asilimia 20, na ile ya bandia kwa asilimia 7, sawasawa na siku ambazo hawakupewa kitu. Yaani nafuu waliyoisema walikuwa nayo kweli, hawakusema uongo; walipumua kwa moyo mwepesi zaidi. Ila kifua kilikuwa bado kimebana, na mtu wa pumu hufa kwa kifua kilichobana.

Mwaka ule ule wa 2011, sisi wenyewe tulikuwa na jaribio letu, kubwa kuliko lile. Samunge katika Loliondo ni upande wa pili wa mbuga ya Serengeti kutoka kwetu. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Mzee Ambilikile Mwasapila, aliyefariki Julai 2021, alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga na kumpa kila mgonjwa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema alioteshwa na Mungu, na kwamba kikombe hicho huponya kisukari, pumu, saratani na UKIMWI. Magari yakapanga mstari kilomita nyingi, na wagonjwa wengine wakafia njiani na katika foleni kabla ya kukifikia kikombe. Waliokwenda hawakuwa wajinga peke yao. Walikuwamo mawaziri, na walimu, na makarani wenye vyeti.

Hatusimami hapa kumshitaki mzee yule. Hakuwatoza watu fedha nyingi kama matapeli watozavyo. Na wengi waliorudi walisema wamelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza katika miezi, wamekula, wamecheka na watoto wao. Twawasadiki. Mtu aliyesafiri siku tatu pamoja na wenzake wenye taabu kama yake, akapokewa na mzee mwenye sauti ya upole, asipate nafuu? Msiba ulikuja baadaye, kwa wale waliokwisha kujiona wazima wakaacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, au wakaacha dawa za kisukari. Virusi havikuwa na habari ya kikombe. Viliendelea na kazi yao kimyakimya, na waliporudi hospitali, wale walioweza kurudi, walikuta hali imekuwa mbaya kuliko walivyoiacha.

Liko kosa lingine, nalo hufanywa na watu wema. Huwa twamwambia mwenye saratani, "Usihuzunike, ukihuzunika ugonjwa utakushinda." Twadhani twamtia nguvu, kumbe twamtwisha mzigo wa pili, maana akizidiwa atadhani ni kwa kosa lake, kwamba hakufurahi vya kutosha. Mwaka 2007, katika Marekani tena, walitangaza uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani ya kichwa na shingo. Waliokuwa na moyo mchangamfu hawakuishi muda mrefu kuliko wenye huzuni. Basi mwenye saratani na alie akitaka kulia. Anayo haki.

Sasa mtatuuliza, kama ni hivyo, fikara njema zina faida gani? Zina faida kubwa. Maumivu hupungua, usingizi huja, chakula hupita. Na mtu aliyelala na kula hupata nguvu ya kuamka alfajiri, kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali, na kumeza dozi yake mpaka mwisho. Aliyekata tamaa huiacha dawa katika pakiti. Lakini mtu hawezi kujiamuru, "Kuanzia leo nina fikara njema," kama anayejiandikia waraka. Tumejaribu, na ninyi mmejaribu. Hupewa na watu.

Katika mji wa Harare, tabibu wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliwafundisha akina bibi wazee kuketi penye mabenchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye mawazo mengi. Kazi hiyo ilianza mwaka 2006, nayo huitwa Benchi la Urafiki. Baadaye ilifika hata Zanzibar. Bibi hamwambii mgonjwa afurahi. Humsikiliza, kisha humwuliza katika taabu zake zote ni ipi aanze nayo, na wiki hii atafanya nini juu ya hiyo moja. Mwaka 2016 matokeo yalitangazwa: baada ya miezi sita, waliozungumza na akina bibi, karibu 14 katika 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kuu, wale waliopata huduma ya kawaida, 50 katika 100. Wanawake wale hawakuwa na shahada yoyote.

Nasi tunayo mabenchi. Liko nje ya kila ofisi, na chini ya kila mwembe. Wako kati yetu waliotoka mbali kuja kufanya kazi hapa, hawana mjomba wala shangazi karibu, na wakiugua hulala peke yao katika nyumba ya kupanga mpaka mwenzao aone kiti kitupu siku ya tatu. Tumeshauriana na kamati, nasi twapendekeza hivi: mwanachama akikosa kazini siku moja bila habari, wawili waende kwake jioni ile ile. Wamletee uji. Waulize kama amepimwa, na dawa aliyopewa wamwombe awaonyeshe, wahesabu vidonge pamoja naye bila kumwaibisha. Habari ya kurogwa wasiianzishe; akiianzisha mwenyewe wamsikilize mpaka amalize, kisha wapange saa ya kwenda naye hospitali kesho yake. Na wakae kidogo. Wenye haraka wasiende.

Daftari la zamu lipo mezani kwa Bwana Karani wa Chama. Kila mmoja aandike jina lake na siku aiwezayo kabla ya kutoka.