Nyumbu Kapimiwa Udongo, Mkulima Bado



Ukitoka Karatu mjini ukapanda kuelekea geti la Lodoare, mashamba yanakatika ghafla na msitu unaanza. Chini ya geti ni mahindi, maharage, mbaazi na kahawa. Juu yake ni Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kulima kulikatazwa mwaka 1975, kukaruhusiwa mwaka 1992, kukakatazwa tena mwaka 2009. Volkano za nyanda hizi ndizo zilizozaa udongo wa huku na wa kule. Ila wa juu umesomwa sana, na wa chini mwenye shamba bado anaukisia.

Nitoe ushahidi. Mwaka 1965 watafiti Anderson na Talbot walichapisha uchunguzi wa udongo na nyasi za mbuga za Serengeti, zile zinazoingia mpaka Ndutu, ndani ya Ngorongoro. Mwaka 1978 Mholanzi H. A. de Wit akaandika tasnifu nzima huko Wageningen kuhusu udongo na nyasi za mbuga hizo. Kisha mwaka 1988, na tena 1990, Samuel McNaughton akaeleza katika jarida la Nature kwamba wanyama hawafuati majani mabichi tu, wanafuata madini yaliyomo: sodiamu, fosforasi, magnesi. Nyumbu jike anayenyonyesha anayahitaji mno, na kwenye mbuga hizo ndiko anakozalia, mwanzoni mwa mwaka.

Asili ya utajiri huo ni majivu ya Kerimasi na Oldoinyo Lengai, yaliyopeperushwa na upepo wa mashariki. Mvua iliyeyusha chokaa ya majivu, ikaishusha, nayo ikagandamana huko chini, ngumu kama sakafu ya saruji. Mizizi ya miti haipenyi, kwa hiyo utatembea mwendo mrefu bila kuona kivuli. Kinachochekesha, na kuuma pia, ni kwamba msimu nyumbu wanapozaa ndipo wafugaji wa Kimaasai wanapowaondoa ng'ombe wao kwenye nyasi hizo tamu. Ndama wa nyumbu hueneza virusi vya homa inayoua ng'ombe. Ugonjwa unawafukuza kabla hata mamlaka ya hifadhi haijasema neno.

Sasa tushuke Karatu. Huku nako kuna tabaka gumu, ila hili tumelitengeneza wenyewe. Plau ya sahani inavutwa na trekta msimu kwa msimu, kina kilekile, mpaka ardhi ya chini inashindiliwa. Mvua ikinyesha, maji yanafika hapo yanagoma kushuka. Yanatafuta mteremko, yanaondoka na udongo wa juu, na korongo lililokuwa la kurukwa na mtoto linageuka la kuzungukwa na watu wazima.

Dawa yake inajulikana. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, pamoja na wenzao, walifanya kazi na wakulima wa Karatu miaka ya 2000: kupasua tabaka kwa ripa, kuacha kugeuza udongo ovyo, kupanda ngwara kati ya mahindi ili ardhi isikae uchi. Mwaka 2007 habari za Karatu zikatoka kitabuni, pamoja na za Arumeru na Mbeya. Kitabu kizuri. Kwa Kiingereza.

Lakini hata mkulima aliyefundishwa anakwama kwenye mabua. Mtaalamu anasema yaache shambani yafunike ardhi. Mahindi yakishavunwa, mifugo inaingia, na kwa desturi shamba lililovunwa halina mwenyewe. Simlaumu mfugaji, kiangazi kikikaza, mabua ndiyo malisho yaliyobaki, na mara nyingi mfugaji huyo na mkulima huyo ni mtu yuleyule. Hapa ndipo ninapotaka sayansi itusaidie kwa hesabu: ng'ombe ale kiasi gani, ardhi ibakiziwe kiasi gani, kwenye mteremko wa Rhotia na kwenye tambarare ya Endabash. Jibu la mteremko haliwezi kuwa jibu la tambarare. Hesabu hiyo ikipatikana, halmashauri ya kijiji inaweza kuitungia sheria ndogo watu wakaikubali, kwa sababu haimnyimi mtu kila kitu.

Mbaazi nayo tuiseme. Mzizi wake unashuka chini kweli na unasaidia kulegeza ardhi, na majani yanayopukutika yanarutubisha. Ila mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ikaanguka. Huwezi kumshauri mtu atunze udongo kwa zao ambalo halimlipii mwanawe ada.

Na mbolea? Minjingu haiko mbali nasi, upande wa pili wa Ziwa Manyara. Fosfati yake imetokana na mabaki ya viumbe wa ziwa la kale, wakiwemo ndege. Ni mali yetu. Lakini fosfati ghafi ya aina ile huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa magadi, kama sehemu za Mang'ola wanakomwagilia vitunguu, inaweza kukaa tu isimfae mtu. Jirani yako akiipenda, wewe inaweza kukulia hela bure. Macho hayawezi kukuambia. Kipimo kinaweza.

Basi kiangazi hiki, kabla ya vuli, chota udongo sehemu nyingi za shamba, ukienda upogoupogo, kina cha sentimita 20. Kaa mbali na zizi la zamani na kichuguu. Changanya kwenye ndoo safi, toa kama nusu kilo, anika kivulini, peleka kwa afisa ugani. Vifaa vya kupimia udongo vilishaanza kugawiwa kwa halmashauri, kwa hiyo uliza cha Karatu kiko kwa nani. Majibu yakija na herufi za maabara usizozielewa, usiyakunje ukaweka mfukoni. Mrudishie afisa ayasome kwa Kiswahili, mbele ya majirani zako, aseme ni mbolea gani, mifuko mingapi kwa ekari, na ipi usinunue.