Rangi Nayo ni Kifaa cha Shule
Hotuba ya mjumbe wa kamati ya elimu katika mkutano mkuu wa mwaka



Mwaka jana tulichangia bati na saruji. Safari hii kamati inaomba rangi, brashi na hadibodi kwa sekondari zetu za nyumbani. Najua wapo walioguna. Mzee wangu mmoja amenishika mkono pale mlangoni: "Mwanangu, shule haina maabara, wewe unatuletea michoro?" Ana haki ya kuuliza.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kwetu Tunduru mwaka 1932. Alitoka kutafuta kazi, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, akaishia hapa Dar. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Akafariki 1972. Miaka minne tu! Lakini aliwafundisha ndugu na jamaa, nao wakafundisha wengine, na leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, watu wanasomesha watoto kwa brashi. Baadhi yenu mmo humu ukumbini.

Mtasema: yeye hakusomea sanaa darasani, mbona wetu wasomee? Wanafunzi wake walikuwa na baraza lake. Kijana wa Tunduru asiye na mjomba Dar atakaa baraza la nani? Amebakiwa na shule. Na Sanaa za Ufundi ni somo la mtihani wa Kidato cha Nne, lina karatasi ya vitendo. Shule isiyo na vifaa hailifundishi, wala haisajili mtahiniwa. Mtoto anamaliza, cheti chake hakina hata alama moja inayotaja kile anachokiweza kuliko wenzake. Ada iliondolewa mwaka 2016, tunashukuru, ila ruzuku ina kazi nyingi na rangi huwa mwisho wa foleni.

Sasa hesabu. Shiti moja ya hadibodi ni futi 4 kwa 8. Ukiikata futi 2 kwa 2 unapata vipande 8, yaani wanafunzi 8. Mwenye uwezo wa shiti moja aahidi shiti moja. Mzee wangu, mfuko wa maabara upo palepale, hatuugusi.

Kinachonisumbua zaidi ni mwalimu. Bila yeye rangi itakaukia kwenye kopo. Ndugu zetu wachoraji, tunawaomba wiki mbili tu mwezi Mei. Nauli ni ya chama. Kulala na kula, jamani, si mnakwenda kwenu?

Manunuzi yatafanywa na watu watatu kwa pamoja, na stakabadhi zitachapwa kwenye kitabu hiki mwakani. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Anayesubiri mnada wa korosho aandike hivyohivyo, pamoja na namba ya simu. Tutampigia.