Kishikwambi na jaruba

Msikilizaji, tuzungumze kidogo habari ya teknolojia darasani. Vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 vilikabidhiwa walimu, na tovuti ya Shule Direct ina notisi za baiolojia za sekondari. Shule ya Malinyi ikikosa hadubini, video ya seli ikijigawa ni mkombozi. Wewe mkulima yakuhusu: mganga wa zahanati yako huanzia kwenye somo hilo la baiolojia.

Sasa upande wa pili. Bando ni hela, na umeme una siku zake. Tena mifano hai ipo: mbu, walewale wanaochunguzwa na Taasisi ya Afya Ifakara, huzaliana majarubani kwetu. Kuwatazama viluwiluwi wao ni bure. Je, mwalimu mwenye kishikwambi atawatoa wanafunzi wakawaone, au video itamtosha?