Shokapu Kwanza, Urefu Baadaye: Kuchagua Sasipensheni ya Gari la Kazini na la Mbio za Mara Mojamoja

Mada kwa semina ya wenye magari na mafundi, Nairobi



Utangulizi

Mada hii inahusu gari moja lenye kazi mbili. Siku za kazi linapita Thika Road, linavuka matuta ya mtaani na kumalizia safari kwenye kipande cha changarawe. Mara chache kwa mwaka linapelekwa uwanja wa Whistling Morans kule Athi River, au kwenye mbio za kushindana na saa za Kiambu Ring. Mfano wangu ni Subaru Impreza ya kizazi cha 2000 hadi 2007. Imejaa katika gereji zetu, na ina stratti mbele na nyuma, kwa hiyo mambo yake ni rahisi kuyafuata.

Hoja yangu ni moja. Mtaji wa sasipensheni ni nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka. Kila kifaa unachofunga kinatumia mtaji huo, vizuri au vibaya. Anayenunua kwa kutazama gari litakavyokaa chini anaanza kwa kuugawa bure.

1. Kabla ya kununua chochote

Hata Impreza changa kabisa ya kizazi hiki imepita miaka 15. Bushi za mikono ya chini zimepasuka, boljointi zina mchezo, na raba za juu za stratti zimekufa. Ukifunga springi ngumu juu ya uchakavu huo, gari litagonga zaidi na usukani utabaki kutangatanga vilevile. Ile desturi ya kusukuma boneti na kuhesabu gari linavyonesa hukamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu hupita mtihani huo bila taabu. Tazama mafuta yanayovuja kwenye sili, tikisa kila kiungo gari likiwa juu ya jeki, kisha ndipo uzungumzie vifaa vipya.

2. Springi: hesabu ndogo

Springi za Japani huuzwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 3 ni ile inayohitaji uzito wa kilo 3 ili ibonyee milimita 1. Tuseme kila stratti ya mbele inabeba kilo 380 za bodi. Kwa springi ya kilo 3, bodi itanesa kama mara 1.4 kwa sekunde, kiwango ambacho abiria wa kawaida anakivumilia. Kwa kilo 5 inafika mara 1.8: gari ni kavu, lakini linavumilika. Kwa kilo 8 inakaribia mara 2.3, na hapo umeingia eneo la magari ya mbio.

Hesabu hiyohiyo ina upande ambao wauzaji hawautaji. Kilo 380 zikikalia springi ya kilo 3, inabonyea milimita 127. Zikikalia ya kilo 8, inabonyea kama milimita 48 tu. Bodi ikiinuka kuliko hapo, hakuna springi tena inayolisukuma gurudumu chini. Ukishuka tuta kwa kasi, gurudumu linaning’inia hewani. Kwenye lami laini ya uwanja hilo halionekani. Lakini Kiambu Ring hukimbizwa juu ya barabara ya kawaida iliyofungwa kwa siku ile, yenye mawimbi na viraka, na gurudumu lisilogusa lami halipigi kona wala halifungi breki.

3. Shokapu ndiyo inayolipiwa

Springi hubeba, shokapu, au shokomzoba kama wasemavyo wengine, hutuliza. Ina kazi mbili: kuzuia mgandamizo gurudumu linapopanda, na kuzuia mrudio linaposhuka. Kuzuia mrudio kukizidi, gurudumu haliwahi kushuka kabla ya tuta linalofuata. Vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo barabarani vitalizamisha gari hatua kwa hatua hadi likalie raba za mwisho, zile zinazopokea shokapu ikifika mwisho, na dereva atasema springi ni ngumu ilhali kosa ni la shokapu.

Kwa hiyo uliza kitasa cha shokapu kinarekebisha nini. Koni Sport ya njano hurekebishwa mrudio. Kwenye BC Racing za daraja la BR kitasa kimoja hubadilisha mgandamizo na mrudio kwa pamoja. KW Variant 3 huvitenganisha, na bei yake inaonyesha hivyo. Bilstein B6 haina kitasa, lakini imepangwa kwa springi za urefu wa kiwandani. B8 ni fupi zaidi, kwa springi zilizoshushwa.

Uliza pia umbo la ndani. Shokapu ya bomba moja hupoa vizuri na huvumilia mizunguko mingi, lakini ukuta wake ndio njia ya pistoni: jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama. Kwa njia ya changarawe, tafuta bomba mbili, au stratti iliyopinduliwa ambayo bomba lake limefichwa ndani ya ganda.

4. Urefu

Tuseme gurudumu lina milimita 80 za kupanda kabla ya kugusa raba ya mwisho. Ukishusha gari milimita 40, umebaki na nusu, na tuta la mtaani litakudai zote. Kwenye stratti kuna hasara ya pili. Mkono wa chini ukiinukia upande wa gurudumu, kitovu cha kulalia, yaani nukta ambayo bodi hulala kuizunguka kwenye kona, hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Gari lililoshushwa hupata nguvu zaidi za kulala kwenye kona, nawe unalazimika kununua springi ngumu ili urudi ulipokuwa. Milimita 15 hadi 20 zinatosha, na kutoshusha kabisa si aibu.

5. Kufunga na kupima

Fundi asikaze boliti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Zikazwe gari likiwa limekalia magurudumu yake, la sivyo raba huishi ikiwa imesokotwa na hupasuka mapema. Kisha alaimenti. Kwa matumizi haya mawili, kemba ya mbele ya hasi digrii 1.5 hivi hufaa, tena boliti ya kurekebishia ipo tayari kwenye stratti ya mbele. Bamba za juu zenye beringi ya chuma ziachie gari la mbio. Vumbi letu huzila, nazo hugonga mchana kutwa.

Kipimo bora ni cha bei nafuu kabisa. Pandisha kifuniko cha vumbi, funga kitai cha plastiki kwenye fimbo ya shokapu, kisha ukishushe kitai hicho hadi kiguse sili. Endesha wiki nzima, halafu pima kilikosukumwa. Kikikuta raba ya mwisho kila siku, gari liko chini mno au springi ni laini mno. Kikibaki katikati hata baada ya siku ya mbio, umelipia ugumu usiouhitaji. Kwa stratti iliyopinduliwa fimbo haionekani. Hapo tegemea alama kwenye raba.

6. Mapendekezo

a) Fedha za kwanza ziende kwenye bushi, tairi nzuri na mafuta mapya ya breki.

b) Kwa wengi wetu, shokapu bora kwa springi za kiwandani au ngumu kidogo, zilizopangwa pamoja, zinatosha. Seti ya kurekebisha urefu ifuate tu kama unajua utairekebisha.

c) Chagua springi kwa barabara mbaya kuliko zote unayopita kila wiki. Kwa Impreza, kilo 4 hadi 5 mbele ndio mpaka wangu.

d) Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: sili zikivuja, nani hapa nchini atazifungua na kuzirudisha? Asipokuwa na jibu, hesabu bei ya seti mbili.