Kuni Zenye Dawa: Moto Hauui Sumu Hii

Leo tutazungumza juu ya moto wa kuota. Ikiwa unaishi Kinangop, Limuru, Molo, Kericho au sehemu nyingine yoyote ya nyanda za juu, huhitaji kuelezwa habari ya baridi ya mwezi wa Julai. Jua likishatua, watoto kwa wazee wote husogea karibu na meko.

Lakini kuni nazo ni shida kupata. Kwa hivyo mtu akiona kipande cha nguzo ya stima iliyoanguka, posti kuukuu ya fensi, au vipande vya mbao vilivyoachwa na mafundi mahali pa ujenzi, huona amepata bahati. Ni kuni kavu, inashika moto upesi, tena ni ya bure. Kabla hujaipasua kwa shoka, jiulize: kuni hii ina nini ndani yake?

Mti wa kawaida ukichimbiwa ardhini huliwa na mchwa na kuoza baada ya muda mfupi. Ndiyo maana nguzo za stima na posti za fensi, ambazo hapa kwetu mara nyingi ni za mkaratusi, hutiwa dawa kiwandani. Huingizwa katika tangi kubwa la chuma, kisha dawa husukumwa kwa nguvu mpaka ipenye ndani ya mti. Dawa moja inayotumika sana ina vitu vitatu: shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huzuia kuvu na kuoza. Aseniki huua wadudu. Kromiamu huzishikilia nyingine mbili zisitoke upesi.

Aseniki ni sumu ambayo tangu zamani imetumiwa kuua panya. Posti moja tu ya fensi inaweza kuwa na gramu kadhaa za aseniki. Ili uelewe ukubwa wa jambo hili, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 za aseniki. Kwa kipimo hicho, gramu moja tu inatosha kufikisha kwenye mpaka huo lita 100,000 za maji, yaani matangi kumi ya lita 10,000 kila moja.

Posti ikiwa imesimama pale shambani, hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa huanza unapoitia moto.

Wengi wetu tumezoea kwamba moto husafisha. Ni kweli, moto huua viini vya magonjwa. Lakini aseniki si kiini. Ni elementi, kama vile chuma kilivyo, na haiwezi kuungua ikaisha. Ukichoma mti huo, sehemu ya sumu hupanda na moshi na kuingia mapafuni mwako. Iliyobaki hukaa katika majivu. Gogo zima hugeuka kuwa konzi chache za majivu, na sumu iliyokuwa imetawanyika ndani ya gogo sasa imekusanyika katika konzi hizo. Wala huwezi kuitambua kwa kuionja au kuinusa majivuni.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaifikirii. Sisi hatutupi majivu. Tunayamwaga kwenye sukuma wiki kuzuia wadudu. Tunachanganya na mahindi ghalani. Kuna akina mama wanaosugulia sufuria, na kule Magharibi wako wanaochuja maji ya majivu na kupikia mboga za kienyeji. Desturi hizi hazina ubaya wa sumu hii majivu yakiwa ya magunzi, ya maganda ya maharagwe au ya mti usiotiwa dawa. Yakiwa ya nguzo yenye dawa, umeipeleka sumu kwenye sahani. Ng'ombe pia hupenda kulamba majivu kwa sababu yana ladha ya chumvi, na imewahi kutokea katika nchi mbalimbali ng'ombe wakafa baada ya kulamba majivu ya mbao za namna hii.

Kuna kisa ambacho madaktari wa Marekani walikiandika mwaka 1984. Familia moja ya watu wanane katika jimbo la Wisconsin iliugua kila msimu wa baridi kwa miaka mitatu. Walikuwa na vipele, vifua na maumivu ya misuli, na nywele zikawanyonyoka. Uchunguzi ulipofanywa, aseniki ilipatikana katika nywele na kucha zao. Chanzo kilikuwa vipande vya mbao zenye dawa walivyochoma katika jiko la kupashia nyumba joto.

Dalili ni zipi? Sumu ikiingia nyingi kwa mara moja, mtu hutapika, huumwa na tumbo, huharisha majimaji na kukakamaa misuli. Unaweza kudhani ni kipindupindu. Ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, ngozi hubadilika rangi na kuwa na madoa, viganja na nyayo huwa ngumu, mikono na miguu hufa ganzi. Baada ya miaka, inaweza kuleta saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Watoto wadogo wako hatarini zaidi, kwa sababu hucheza sakafuni karibu na meko na kutia mikono mdomoni.

Utaitambuaje kuni yenye dawa? Ikiwa bado mpya, huwa na rangi ya kijani kibichi. Lakini jihadhari: ikipigwa na jua na mvua kwa miaka, rangi hufifia ikawa ya kijivu, na dawa bado imo. Nyingine ni nyeusi, zina mafuta na harufu ya lami. Hizo zimetiwa kreosoti, nazo pia si za kuchomwa. Mbao zilizopakwa rangi, hasa rangi za zamani ambazo huenda zina madini ya risasi, pamoja na mbao za kubandikwa kwa gundi, ziweke kando vilevile. Kanuni ni rahisi: kama hujui mti ulitoka wapi, usiutie motoni.

Posti kuukuu itumie tena kama posti. Vipande visivyofaa, muulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako akuelekeze pa kuvipeleka. Ikiwa umeshachoma, usifagie majivu yakiwa makavu. Yaache yapoe kabisa, funika pua na mdomo, vaa glavu, yanyunyizie maji, uyatie katika mfuko mgumu na kuuweka mbali na watoto, mifugo, shamba na kisima. Kisha nawa kwa sabuni. Mtu akipata dalili tulizotaja, usimtapishe. Mpeleke hospitalini mara moja, na umwambie daktari waziwazi kwamba mlichoma mbao zenye dawa. Mkojo unaweza kupimwa, lakini daktari hatafikiria kipimo hicho usipomwambia.

Kwa moto wa kuota, tumia matawi makavu ya mkaratusi au miwati uliyokata mwenyewe, au magunzi ya mahindi. Hata hivyo, acha dirisha wazi, na usilale na jiko la makaa chumbani, kwani hewa yake pia huua.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kuni ya bure inaweza kukugharimu ng'ombe, shamba, au afya ya mtoto wako. Jioni ya leo, kabla hujawasha moto, kagua lundo lako la kuni, na mwambie jirani naye akague lake.