Kiwavi Alikula Mti Gani? Andikeni

(Maelezo kwa wafugaji wa vipepeo, Gede)



Tangu mradi wa Kipepeo uanze hapa mwaka 1993, mmelea viwavi na kuuza pupa ng'ambo bila kukata msitu wa Arabuko-Sokoke. Pupa huuzwa kwa jina la spishi. Leo tuone jina hilo hupatikanaje.

Zamani mtaalamu alitazama rangi, mabawa na viungo vya uzazi. Siku hizi huchukua pia mguu mmoja wa kipepeo na kusoma kipande cha DNA chenye herufi zipatazo 650. Vipepeo wa spishi moja kwa kawaida hukaribiana kwa herufi hizo. Wa spishi tofauti huachana.

Amerika kuna kipepeo aliyepewa jina mwaka 1775, Astraptes fulgerator. Kwa zaidi ya karne mbili alihesabiwa kuwa spishi moja. Huko Guanacaste, Costa Rica, watu walilea viwavi wake miaka mingi, wakiandika rangi ya kila kiwavi na mti aliokula. Mwaka 2004 Paul Hebert, Daniel Janzen na wenzao walisoma DNA ya sampuli 484, wakalinganisha na kumbukumbu hizo, wakasema ni spishi 10. Vipepeo wenyewe walifanana mno. Tofauti ilikuwa kwa viwavi na miti yao.

Mwaka 2006 Andrew Brower alichambua upya takwimu hizo, akaona ushahidi unaonyesha spishi tatu hadi saba. Kwa hiyo DNA peke yake haimalizi neno. Spishi mpya huhitaji maelezo yaliyochapishwa, na sampuli iliyohifadhiwa ili wengine waikague.

Hayo yanatuhusu. Jina moja likiwa limeficha spishi mbili, kila moja na mti wake, tukimaliza mti mmoja tutapoteza spishi nzima, na orodha itaendelea kuonyesha kwamba yupo.

Ombi letu ni hili: kwa kila kundi la viwavi, andikeni tarehe, mahali, rangi, na mti waliokula. Jina la mti kwa Kigiriama latosha. Kiwavi asiyefanana na wenzake msimtupe, mwonyesheni mtaalamu. Alichokula kiwavi anakijua aliyemlea.