Kila Mtu na Sehemu Yake ya Ukuta



Hakuna kanisa lisilo na kamati, kwaya au ushirika wa akina mama; wala hakuna kamati isiyo na mtu mmoja au wawili wanaobeba mzigo wa wote. Twawafahamu. Ndio wanaofungua mlango mapema, wanaochota maji ya chai, wanaoandika barua. Sisi wengine hufika wakati wa kupiga makofi. Kisha siku moja dada yule haji tena, nasi twaulizana amepatwa na nini.

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapa watu kamba waivute, akazipima nguvu zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1913. Walipovuta wanane pamoja, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu alizozitoa akiwa peke yake. Labda hawakuvuta kwa wakati mmoja? Ni kweli kwa sehemu. Lakini mwaka 1979, huko Marekani, Bibb Latané na wenzake wawili waliwafunga wanafunzi macho, wakawavika vyombo masikioni wasisikiane, wakawaambia wapaze sauti kwa nguvu zao zote. Mwanafunzi alipodhani kwamba wengine wanapaza sauti pamoja naye, sauti yake ilipungua, ingawa kwa kweli alikuwa peke yake! Mwaka 1981 wataalamu hao walionyesha jambo jingine: kila mmoja alipojua kwamba sauti yake yapimwa mbali na za wenzake, hata kundini hakulegea.

Hawakuhubiriwa wala hawakukemewa. Walijua tu kwamba sehemu yao inaonekana.

Sasa fungueni Nehemia, sura ya 3. Wengi wetu huiruka kwa sababu ya wingi wa majina, na kuyasoma mbele ya watu ni kazi kweli kweli. Lakini kazi yote imo katika majina hayo. Kama watu wote wangeambiwa wajenge ukuta wote, twadhani wangekuwa wakijenga mpaka leo. Kila kundi lilikuwa na sehemu yake, na wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Mfua dhahabu yumo, mtengeneza marashi yumo, Shalumu yumo pamoja na binti zake. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Hatusemi majina ya waliotoa kidogo yasomwe kanisani. Mjane mwenye shilingi moja amekwisha kuaibishwa vya kutosha katika harambee zetu. Twasema hivi: mwenyekiti asiseme, "Jumamosi tutafagia kanisa." Aseme nani atafagia na nani atachota maji, na kazi ikiisha, kila aliyeifanya ashukuriwe kwa jina lake. Dada yule pengine hakuchoshwa na kazi, bali na kutoonekana. Twendeni kwake wiki hii, wala tusiende kumwomba arudi jikoni.

Na wale wasiotaka kufanya lolote je? Walikuwako hata Yerusalemu. Mstari wa 5 wasema kwamba wakuu wa Tekoa walikataa kuinama kazini. Watu wao hawakuwangojea. Someni mpaka mstari wa 27. Mtawakuta tena watu wa Tekoa, wakijenga sehemu ya pili.